Mikoko Aliyoipogoa Baba

Baba yangu alikuwa mtu wa kisu. Si wa kupigana, hapana; wa kupogoa chai. Ujana wake wote aliumalizia kwenye mashamba makubwa ya Kericho, akiinamia michai na kuikata hadi ibaki vijiti vitupu. Asiyejua angelia akidhani imeuawa. Baadaye ilichipua, ikajaa, ikawa sawasawa kama meza. Alipostaafu akaendelea na kazi hiyo hiyo shambani kwetu Sosiot. "Chai isipokatwa inakuwa msitu," alituambia hata tukiwa tunakula, wala hakuna aliyemuuliza.

Mama alipofariki, nyumba ilimshinda. Mdogo wangu wa kike, ambaye ni muuguzi katika zahanati moja huko Pwani, akaja kumchukua akapumzike kwake. Mzee alifunga nguo chache, na kisu kile ndani ya gunia.

"Baba, kisu cha nini baharini?"

"Na wewe, sufuria za nini jikoni?" Ndivyo alivyokuwa.

Nyumba ya mdogo wangu iko karibu na ufuo, mahali ambapo mikoko ya zamani ilikatwa ikaisha, mingine ya makaa, mingine ya kujengea. Miti ilipoisha, bahari ikakosa adabu. Maji makubwa yalipokuja yaliingia hadi jikoni. Ndipo akina mama wa pale, naye akiwa mmoja wao, wakaanza kupanda mikoko upya kwenye matope. Sisi huku tulimcheka. Baba ndiye aliyecheka zaidi: "Mti ndani ya chumvi? Wacha mchezo, mama."

Alipofika akashuka ufuoni kuitazama. Mikoko ilikuwa imefika kifuani. Akina mama walimpokea kwa vigelegele, "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Alinipigia simu akanieleza kwamba maji yakipita kwenye miti ile hufika yamechoka. Dhoruba ilikuwa imebeba choo cha jirani asiye na miti, lakini jikoni kwa binti yake hakukuingia hata tone. Chini ya mizizi, kamba na samaki wadogo walikuwa wamerudi, na akina mama walikuwa wanakula na kuuza. "Nimeona kwa macho yangu," alisema. "Hawa wanawake wameishika bahari mkono." Nilifurahi sana siku hiyo. Tangu msiba sikuwa nimesikia sauti yake ikiwa na uhai.

Shida ni kwamba aliipenda miti ile. Na kitu akikipenda Baba, anakikata.

Asubuhi moja, maji yakiwa yamerudi nyuma na binti yake yuko kazini, Mzee aliingia matopeni na kisu chake akapogoa mikoko yote ya mbele ya nyumba, mstari kwa mstari, kimo kimoja, kazi safi. Alitaka itoe matawi, iwe minene, izuie maji zaidi. Ilikuwa zawadi yake. Akina mama walipofika wakavigusa vijiti kimoja kimoja. Mmoja wao, mkubwa kuliko wote, akamwambia polepole, "Baba, mkoko huu ukikatwa kichwa haurudi. Hauna macho ya kuchipua." Hawakumtukana. Wangemtukana, labda ingekuwa nafuu.

"Ngojeni mvua," aliwaambia. Mvua ikaja. Vijiti vikakauka.

Akarudi nyumbani Sosiot. Kisu alikitundika ukutani, hakukigusa tena. Michai yetu ikapanda hadi wachumaji wakawa wanainua mikono. Kila simu ya Pwani ilipoingia, hata kabla ya salamu, aliuliza, "Imechipua?" Na mdogo wangu, ambaye hajui kudanganya: "Bado, Baba." Siku moja nilishika simu nikamfokea, "Si umwambie tu imechipua! Utakufa?" Akasema hawezi kumdanganya Baba. Mimi ningeweza, Mungu anisamehe, lakini Mzee angejua.

Kisha kifua kikambana, akalazwa hospitali ya Kaplong. Aliuliza swali lilelile hata kwa wauguzi, nao maskini hawakujua anauliza nini. Mdogo wangu akasema anakuja, kuna kitu anataka kumwonyesha.

"Kitu gani?"

"Ngoja nifike."

Kutoka Pwani ni mbali. Alipoingia wodini, kitanda kilikuwa kimetandikwa upya.

Mkononi alikuwa na kitambaa chenye unyevu, na ndani yake mche wa mkoko. Akanieleza huku analia: ile miti ya pembeni, ambayo Baba hakuifikia, imezaa. Mbegu zake ndefu kama ganda la maharagwe zimeanguka, maji yakazibeba, zikajichomeka palepale penye vijiti vilivyokufa. Matope yamejaa miche, na hakuna aliyeipanda. Woi! Nilitaka kumzaba kofi.

"Ungemwambia kwa simu!"

"Nilitaka aione kwa macho yake. Unamjua Baba, haamini kitu hadi akione."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililoniuma zaidi.

Siku ya mazishi, kabla jeneza halijafunikwa, mdogo wangu aliuweka mche ule mkononi mwa Baba. Akainama, akamwambia kwa sauti ya kawaida, kama anayejibu simu, "Imeota, Baba."

Michai yake niliipogoa mimi, kwa kisu chake. Imechipua yote. Kila nikitoka kuiangalia naingia nyumbani mbio nimwambie mtu, na hakuna mtu.