Sauti Iliyokuwa Hifadhini

Chuo chetu cha Tottenham kina wanafunzi wengi Waafrika na Waasia, na mimi ndiye niliyehangaika miaka miwili kukitafutia ushirikiano na kampuni inayolifanyia jeshi utafiti. Nilitaka vijana wetu nao wapate maabara na kazi.

Siku ya kutuonyesha kazi zao alikuja mtafiti wao mmoja, mwanamke mpole, na mashine inayotambua asili ya mtu kwa kumsikiliza tu. Akaniomba niseme Kiswahili. Nikaeleza namna ya kupika mchuzi wa pweza, basi.

"Wete, Pemba," akasoma kwenye skrini.

Nikacheka. "Mimi nimezaliwa hapa hapa London. Wa Wete ni mama yangu."

"Labda imemsikia yeye ndani yako. Ngoja usikie sauti iliyo karibu zaidi na yako katika hifadhi yetu."

Akabonyeza. Mwanamke akasema, "Umekula, mwanangu? Jifunike, leo kuna baridi."

Alikuwa mama, tuliyemzika zamani. Hivyo ndivyo alivyozoea kuniambia kwenye simu.

"Mmeipata wapi?"

Uso ukambadilika. "Sina ruhusa ya kusema," akajibu, akaifunga kompyuta taratibu.

Nilijitoa wiki ileile, na mkataba ukatiwa saini bila mimi. Baadhi ya wanafunzi wangu wamepata nafasi huko, nami nawafurahia kwa dhati. Nimeandika barua mbili kuiomba ile sauti. Zote zimejibiwa kwa adabu: katika hifadhi yao hakuna mwanamke yeyote wa Pemba.