Paka Aliyeikimbia Amplifaya

Fundi wa kurekodi waliyembandika jina la Bwana Kimya alikuwa na masikio ya kutisha: sisimizi akikohoa nyumba ya jirani, yeye huku anasema pole. Kuta za chumba chake alizivisha magodoro, mlango blanketi. Hata inzi akiingia mle alikunja mabawa kwa adabu.

Ila spika zilivuma. Mmmm, kama mtu aliyezibwa mdomo. Kila mashine ilikuwa na waya wake wa ethi, ule wa kuuteremsha umeme ardhini, mmoja ukienda nondo iliyochimbiwa uani, mwingine ya kule jikoni, na umeme ukazurura baina yao ukiimba. Dawa ni kuzikutanisha zote mahali pamoja, lakini hapo pana kuchimba na kubomoa ukuta. Bwana Kimya akachukua koleo, akaukata waya wa ethi wa amplifaya. Kimya! Akajipigia makofi.

Siku ile ile paka akaacha kulala juu ya amplifaya. Akawa anaipita kwa mbali, manyoya yamesimama.

Kisha mwimbaji mmoja akalalamika, “Fundi, maiki yako inang'ata midomo.”

“Umeukosea wimbo, imekasirika!”

Wakacheka.

Jumapili mkewe, Mama Pacha, alimaliza kupiga deki akaingia miguu mitupu, maji yakimchuruzika. Alitaka kuwarekodia wanawe wimbo wa kulalia.

“Washa, Baba Pacha, sauti bado tamu.”

Akawasha. Mle masikioni mvumo ukarudi, mdogo. Kila mkono wa mkewe ulivyoisogelea maiki, mvumo ukanenepa. Bwana Kimya akamwona paka mlangoni, amejikunja. Akaikumbuka midomo ya yule mwimbaji.

“Usiiguse!”

“Ala! Kwani maiki ni mkweo?” Mkono ukaendelea.

Aliruka meza, kiti na paka, akaangusha swichi kuu. Mama Pacha alikuwa chini, kidole kina doa jeusi dogo kama punje ya ufuta.

“Mume wangu,” akanong'ona, “nini kimenishika?”

Ndani ya amplifaya, waya uliochubuka ulikuwa umelalia bati la kasha lake. Ule wa ethi ungeupeleka umeme ule ardhini na fyuzi ingekatika. Bila huo, umeme ulifika hadi kwenye maiki, ukakaa ukimsubiri mtu.

Alibadilisha waya, akabomoa ukuta, akazifunga ethi zote kwenye nondo moja. Mvumo ukafa kabisa. Sasa haanzi kazi bila kuipima maiki kwa testa.

Paka, hata hivyo, hajarudi juu ya amplifaya.