Mzee Aliyenifundisha Nusukaputi

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa muuguzi wa wadi ya kina mama katika hospitali moja ya misheni upande wa Bomet. Kwetu ni Boito. Baba na mama walikuwa na ekari mbili za majani chai na ng'ombe watatu, na siku zangu za mapumziko nilikuwa nikienda kuwasaidia kuchuma. Kwa hiyo vidole vyangu vilikuwa na ile rangi nyeusi nyeusi ya utomvu wa majani, ambayo sabuni haiitoi. Wagonjwa wengi walikuwa na vidole kama hivyo, na hakuna aliyenishangaa.

Hospitali ilikuwa na mtaalamu mmoja tu wa nusukaputi. Akienda likizo au semina, wagonjwa walilazwa usingizi na msaidizi wa thieta, mzee mmoja kutoka upande wa ziwa. Alikuja kwetu akiwa kijana, akaajiriwa kufagia chumba hicho cha upasuaji na kuosha vyombo. Kwa zaidi ya miaka ishirini alisimama kando ya madaktari akitazama, nao wakamfundisha mmoja baada ya mwingine. Cheti alichokuwa nacho kilikuwa cha darasa la saba. Sote tulijua anachofanya. Lakini katika kitabu cha thieta, mahali pa jina la aliyetoa nusukaputi, daktari ndiye aliyetia sahihi.

Siku moja aliletwa mama kutoka Siongiroi, uchungu umemshika tangu alfajiri na mtoto hashuki. Daktari akaamua apasuliwe. Mimi ndiye niliyejaza fomu. Palipoulizwa mgonjwa amekula saa ngapi, niliandika kwamba hajala. Sikumwuliza. Nilimtazama anavyogaagaa, nikaona mtu wa namna hiyo hawezi kuwa amekula. Wala sikumwuliza wifi yake, aliyekuwa ameketi kwenye benchi nje ya wadi, chupa ya chai iko ndani ya kiondo chake.

Mtaalamu wetu hakuwepo siku hiyo, kwa hiyo mzee ndiye aliyemdunga sindano ya usingizi. Mimi nilisimama na taulo nikingoja kumpokea mtoto. Mtoto alitoka, akalia vizuri. Nilikuwa namfuta mgongo niliposikia mama anatapika. Ilikuwa chai ya maziwa na vipande vya mkate.

"Kichwa chini," mzee alisema.

Yeye mwenyewe ndiye aliyeinamisha meza. Akageuza kichwa cha mama upande, akaingiza mpira wa mashine ya kunyonya mdomoni, akasafisha, akasikiliza kifua, akasafisha tena. Daktari alikuwa amesimama na mikono imejaa damu, anamtazama yeye. Nadhani haikufika dakika mbili. Mama alipata homa ya mapafu, akakohoa wadini kwangu wiki mbili, halafu akaenda nyumbani na mtoto wake.

Jioni ile mzee alinikuta kwenye sinki.

"Sista, fomu ilisema huyu mama hajakula."

"Ndiyo, mzee."

"Uliuliza?"

"Hapana."

"Haya," akasema, akaendelea kuosha mipira yake.

Nilingoja metroni, mkuu wa wauguzi, aniite. Hakuniita. Mzee hakuwa amemwambia mtu.

Miezi michache baadaye ikaja barua kwamba shule moja ya nusukaputi inatafuta wauguzi, na kwamba walimu wake watazunguka hospitali za misheni kuwahoji wanaoomba. Niliomba. Metroni alisaini karatasi zangu bila kuuliza maswali mengi. Kitabu pekee cha nusukaputi kwenye maktaba ya hospitali kilikuwa kimepoteza jalada na kurasa za mwisho, nikakisoma hadi kurasa za mwanzo zikaanza kutoka pia. Nilijua majina ya dawa na vipimo vyake kwa moyo. Nikaenda kwa mzee nikamwomba anipime.

Tulikutana saa ya chakula cha mchana, thieta ikiwa haina kazi. Nilimtajia hatua zote za kumlaza mgonjwa, neno kwa neno. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kitabu iko sawa," alisema. "Lakini kitabu haipumui."

Akapanda kwenye troli, akalala chali, akakunja mikono kifuani. Akaniambia nifunge macho, niweke vidole viwili chini ya taya yake, kiganja karibu na pua, na nimwambie kila anapoacha kupumua. Nikafunga macho. Nilihisi joto la pumzi, nikaanza kurudia kichwani kipimo cha dawa fulani. Nikasikia sauti yake:

"Nimekufa kitambo, sista. Uko wapi?"

Tulifanya hivyo karibu kila siku kwa wiki tano. Alikuwa hodari wa kujifanya. Kuna siku angepandisha kifua na kukishusha bila hewa kupita, ili nidanganyike. Kuna siku angeacha kupumua polepole, kila pumzi fupi kuliko iliyotangulia, nami nilipaswa kusema kabla haijakatika. Mwanzoni alikufa mara nyingi. Wiki ya tatu nikaanza kumshika. Baadaye akanipa ule mfuko mweusi wa kupumulisha niuminye huku yeye ameziba upande wa pili kwa kiganja, kidogo au kabisa, na mimi nimwambie kwa mkono tu, bila kutazama, ni kiasi gani. Nilimwuliza kwa nini yeye mwenyewe asiombe hiyo shule.

"Wanataka cheti ya nesi," alisema. "Mimi niko na ya kufagia."

Hakuonekana mwenye uchungu. Alisema kama mtu anayetaja saizi ya viatu vyake.

Jumamosi kabla ya mahojiano nilienda Boito. Mama alinikalisha jikoni na malimau manne, akanisugua vidole kimoja kimoja hadi ngozi ikaanza kuwasha. Alisema kwamba wageni wakiona mikono ile watadhani nimemtuma mchumaji badala yangu. Nilimwambia mchumaji na mimi ni mtu mmoja. Akasema nao hawahitaji kujua hilo. Rangi ilipungua, haikuisha.

Wageni walikuwa watatu: walimu wawili wa shule, na bwana mmoja kutoka Nairobi aliyeshughulika na mambo ya leseni. Metroni aliketi nao kama mwenyeji. Mahojiano yalikuwa kwa Kiingereza. Maswali ya dawa niliyajibu bila shida. Walimu wakatikisa vichwa kwa kukubali, mmoja akatabasamu. Hakuna aliyetazama vidole vyangu.

Ndipo mwalimu mkubwa kati ya wale wawili akaniambia, "Tueleze kosa ulilowahi kufanya kazini."

Kwa swali hilo nilikuwa nimejiandalia jibu, kwamba wakati mwingine nafanya kazi kupita kiasi na kusahau kupumzika. Nilifungua mdomo kulisema. Sijui kwa nini halikutoka. Nilieleza habari ya mama wa Siongiroi, tangu fomu hadi mashine ya kunyonya. Nilieleza vizuri, kwa utaratibu, kama ripoti ya wadi. Nilisema kwamba tangu siku hiyo sijawahi kujaza fomu bila kumwuliza mgonjwa na aliyemleta. Mwalimu akaandika kitu. Niliona amependezwa.

Bwana wa Nairobi ndiye aliyeuliza, "Na aliyemwokoa huyo mama ni nani?"

Nikamtaja mzee. Nilidhani ninamsifu. Nikasema kwamba mikono yake ni ya haraka kuliko ya mtu yeyote niliyewahi kumwona, na kwamba ndiye aliyenifundisha.

"Ana cheti gani?"

Nilimtazama metroni. Alikuwa anatazama kalamu yake. Ningeweza kusema kwamba sijui, na sentensi hiyo nimeifikiria mara nyingi tangu wakati ule. Lakini nilikuwa nimeshaanza kusema ukweli, na ukweli ulikuwa umepokelewa vizuri mpaka hapo.

"Ni msaidizi wa thieta," nikasema. "Hana."

Bwana yule akaandika kwa muda. Kisha wakanishukuru.

Metroni alinifuata hadi kwenye ujia. "Ulijibu vizuri," alisema. "Vizuri kupita kiasi." Akarudi ndani.

Barua yangu ya kukubaliwa ilifika baada ya wiki sita. Ya mzee ilikuwa imetangulia. Alihamishiwa chumba cha kuchemshia vyombo, na akakatazwa kwa maandishi kumgusa mgonjwa. Nilimkuta huko akikunja mashuka ya upasuaji, mvuke umejaa chumbani. Nilimwambia nilichosema mbele ya wageni. Alikuwa ameshaambiwa.

"Nisamehe, mzee."

"Walikuuliza nani aliokoa mama."

"Ndiyo."

"Na ukasema." Alikunja shuka jingine, akalipanga juu ya mengine. "Ungesema nani? Daktari?"

Akaniuliza shule inaanza lini, nikamwambia. Akasema nibebe sweta.

Nikiwa shuleni, mama mmoja wa Kimulot alifika hospitali yetu mtoto amekwama, siku ambayo mtaalamu wetu alikuwa kwenye mazishi ya baba yake. Hakukuwa na wa kumlaza. Walimtia kwenye gari kumpeleka hospitali ya Kericho. Mama alipona, mtoto alifia njiani. Nilizisoma habari hizo kwenye barua ya muuguzi mwenzangu, katikati ya salamu na habari za kwaya. Hakuandika kwamba ni kosa la mtu. Niliikunja ile barua nikaenda darasani, na siku hiyo somo lilikuwa juu ya namna ya kumlaza mama aliyekula.

Nilirudi baada ya mwaka mmoja na nusu nikiwa na cheti, na hospitali ikawa na wataalamu wawili. Tangu hapo hakuna mama aliyepelekwa Kericho kwa kukosa mtu wa kumlaza. Mzee bado alikuwa chumba cha vyombo. Wiki ya kwanza nilimpelekea madaftari yangu ya shule. Alivaa miwani, akayapitia ukurasa kwa ukurasa, akiuliza mashine mpya zinafanyaje kazi, na kwa nini dawa fulani aliyoitumia miaka mingi sasa inaogopwa. Palipokuwa na jambo alilolijua kwa mikono bila kujua jina lake, alisoma jina hilo kwa sauti mara mbili.

Alifanya kazi pale miaka minne zaidi, kisha akastaafu akarudi kwao. Miaka yote hiyo vyumba vyetu vilitenganishwa na ukuta mmoja. Kuna asubuhi mbili au tatu ambapo mgonjwa alinitatiza mezani nikatamani kumwita. Sikumwita, naye hakuwahi kupita mlango wa thieta.