Marehemu Aliyefaulu Usaili

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, kiwanda cha sabuni na mafuta ya kula nilikokuwa karani wa muda kiliuzwa kwa mwekezaji. Mwenyewe hatukumwona. Tulichokiona ni tangazo ubaoni kwamba wafanyakazi wote watapimwa upya, watakaofaa wabaki na wengine wapunguzwe. Wiki iliyofuata akaja mtaalamu wa saikolojia.

Alikuwa Mtanzania aliyesomea ng'ambo, mwembamba, mwenye sauti ya chini kama ya mtu anayeongea wodini. Alipewa chumba cha mikutano, ambacho picha zake zilikuwa zimeshaondolewa ukutani zikaacha alama za pembe nne. Mimi nilipangiwa kumsaidia kugawa karatasi, kuzikusanya na kuzisahihisha. Tulisahihisha kwa karatasi ngumu yenye matundu. Unaiweka juu ya majibu, unahesabu alama zinazoonekana kwenye matundu. Majina yalikatazwa. Kila mtu aliandika namba yake ya kazi tu, ili asipendelewe mtu.

Maswali yenyewe hayakugusa sabuni wala mafuta. Yalikuwa sentensi za kujibu ndiyo au hapana. Napenda kuwa peke yangu hata palipo na sherehe. Mara nyingine nahisi kuna mtu nyuma yangu. Sijawahi kusema uongo. Mengine yalirudi kurasa mbili mbele yakiwa na maneno tofauti, ili kukunasa. Niliona wanaume waliozoea kubeba mapipa wakitokwa jasho juu ya penseli. Fundi mmoja wa boila, mtu mzima kuliko baba yangu, aliniita pembeni.

"Mwanangu, hapa wanataka nijibu nilivyo, au wanavyotaka niwe?"

Nilimwambia sijui, na kweli sikujua.

Jioni moja tukiwa tunapanga mafaili, mtaalamu aliniambia kwamba hajawahi kukuta watu wawili wenye majibu yaleyale. "Ukikaa na karatasi hizi muda mrefu," alisema, "unamfahamu mtu kabla hujamwona uso." Hakusema kwa kujisifu. Alisema kama mtu anayelalamika kwamba hapati usingizi.

Maneno yale ndiyo yaliyoniponza. Nikatamani kujua karatasi ingesema nini kunihusu mimi, ambaye kwa kuwa wa muda sikuwa na namba wala haki ya kupimwa. Mchana mmoja wenzangu walipokwenda kula nilibaki, nikachukua karatasi. Juu palihitaji namba. Nikaandika ya mtunza stoo wetu, aliyefariki miezi michache nyuma kwa homa ya ghafla. Barua ya rambirambi niliichapa mimi, kwa hiyo namba yake nilikuwa naikumbuka, na nilijua hakuna aliye hai atakayeiandika.

Nilijibu mpaka mwisho, nikaifunika kwa daftari, nikaenda msalani. Niliporudi meza ilikuwa tupu. Mtaalamu alikuwa amepita akakusanya kila kitu, na chumba chake kilikuwa kimefungwa kwa ndani. Nilisimama mlangoni nikiwa nimeinua mkono wa kubisha. Sikubisha. Niliogopa kufukuzwa, nikajiambia kwamba watagundua wenyewe.

Hawakugundua. Fungu lile mtaalamu alilisahihisha mwenyewe, halikupita tena mikononi mwangu. Mtaalamu aliandika taarifa zake kwa namba, na ofisi ya utumishi ikatafuta majina kwenye rejista ya zamani ambayo hakuna aliyeirekebisha. Wiki ya tatu, asubuhi, orodha ya waliobakizwa ikabandikwa. Nilikuta umati mbele ya ubao. Jina la marehemu lilikuwa la nne kutoka juu, limechapwa vizuri, na mbele yake: Stoo.

"Sisi tulio hai tumeachwa," mama mmoja wa idara ya kufungasha alisema taratibu, "aliyelala kaburini kachukuliwa."

Fundi wa boila hakuwamo kwenye orodha. Alivua kofia, akatazama lile jina, akaondoka hadi getini bila kuchukua hata chupa yake ya chai.

Kumbe barua zilikuwa zimeshatumwa majumbani. Siku mbili baadaye, saa nne asubuhi, mlinzi alinijia akasema kuna mama getini, anatoka Akheri, kule kwa Wameru, ana barua yetu. Afisa utumishi alikuwa mjini. Nikatoka mwenyewe.

Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. Barua ilikuwa ndani ya leso.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa barua hii inamwita mtoto wangu kazini. Mchungaji amenisomea, nikasema hapana, nisomewe na wenyewe walioandika."

Nilimketisha kwenye benchi la wageni. Barua ilikuwa na taarifa fupi ya mtaalamu, nami sikuwa nimeiona kabla ya siku hiyo. Nikasoma kwa sauti. Ilisema huyu ni mtu mtulivu, hapendi makundi, huhesabu kitu mara mbili kabla ya kukitoa. Ilisema huficha hasira yake mpaka inamgeukia mwenyewe. Ilisema hufikiri kuna anayemtazama, na kwa sababu hiyo hafanyi hila hata akiwa peke yake.

Mama alikuwa analia bila sauti. "Ndiye," alisema. "Ndiye kabisa. Nani kamwona?"

Kila neno lilikuwa langu. Hasira ile ni yangu, baba yangu alinichapa kwa ajili yake. Na mama aliyemzaa mtu mwingine alikuwa anayapokea maneno yale kama mtu anayepokea nguo za marehemu na kuzitambua kwa viraka vyake.

Nikamwambia ukweli wote palepale. Wazazi wangu ni wa Machame, na Kimachame na Kimeru ni ndugu, basi Kiswahili kiliponishinda nilimwomba msamaha kwa lugha ya nyumbani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Najua mwanangu amekufa," alisema. "Nilimzika. Lakini karatasi usinichukulie."

Akaikunja ndani ya leso, akaondoka.

Mchana huohuo nilikwenda kwa mtaalamu nikakiri. Hakupandisha sauti. Aliitoa karatasi yangu, kisha akaniuliza swali ambalo mpaka leo linanijia nikiwa jikoni au foleni ya benki.

"Ulipojaza, ulijibu kama wewe, au ulijibu kama yeye?"

Nikafungua mdomo kusema kama mimi. Nikakumbuka kwamba baada ya kuandika ile namba, mkono wangu ulikwenda haraka, bila kusita hata mara moja, wakati mimi ni mtu wa kusita kwa kila jambo. Marehemu nilimjua kwa salamu tu. Nikasema, "Sijui."

Alifunga faili. Safari hii hakuniambia lolote kuhusu kuwafahamu watu.

Nilitegemea kufukuzwa. Afisa utumishi alinifokea sana, kisha akasema mwekezaji anataka stoo ipate mtu mwenye majibu yale, na aliyeyaandika ni mimi. Niliomba nafasi ile apewe fundi wa boila. Akaniambia fundi amepimwa, hakufaa. Nikachukua kazi. Nilikuwa na wadogo wawili shuleni.

Nilikaa stoo miaka minne, mpaka kiwanda kilipofungwa moja kwa moja. Watu walikuja dirishani kuchukua vipuri, wananisalimia, naitikia, halafu wanatulia kidogo kama wanaosubiri mtu wa pili naye aitikie. Nilizoea. Kibaya ni kwamba baadaye nami nilianza kutulia pamoja nao.

Akheri nilikwenda mwaka wa pili, Jumapili baada ya ibada. Mama alinikaribisha kwa ndizi na maziwa, akatoa ile karatasi kwenye kitabu cha nyimbo, akaniomba nimsomee tena. Wingu zito lilikuwa limeshuka upande wa mlima Meru. Nilisoma taratibu, naye midomo yake ikawa inanifuata, kwani alikuwa ameikariri yote. Katikati akaninyooshea kidole.

"Umeruka."

"Wapi, mama?"

"Panaposema anaogopa radi."

Nilitazama mstari kwa mstari. Hapakuwa na neno radi, na hata kwenye maswali ya mtaalamu radi haikuwamo. Mimi naogopa radi tangu utoto, na pale kiwandani sikuwahi kumwambia mtu.

Mama alikuwa anasubiri. Nikarudi mwanzo wa sentensi, nikasoma kwamba anaogopa radi, kisha nikaendelea.