Mkutano Ulifunguliwa kwa Maombi

Mimi ndiye mwandishi wa baraza la wakazi wa wadi yetu, huku upande wa Khayega, na sina budi kukiri mapema kwamba nina maringo na mwandiko wangu. Nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na miaka yote hiyo sikuwahi kuandika mstari ubaoni ukapinda. Kazi kama hii isiyo na mshahara huangukia walimu waliostaafu. Niliipokea nikijifanya ninalazimishwa, kumbe moyoni nilikuwa nimefurahi kupita kiasi. Meza ya mbele ilikuwa na wanaume watano na mimi, na nafasi yangu pale niliilinda sana.

Baraza letu hukutana mara mbili kwa mwaka katika ukumbi wa kanisa. Maafisa wa kaunti huja kuuliza wananchi wanataka nini, na wananchi husema. Lakini afisa akirudi mjini habebi maneno ya watu, hubeba karatasi zangu. Kisichokuwa kwenye karatasi hizo hakikusemwa. Nililijua hilo kuliko mtu yeyote mle ukumbini, na ndiyo maana bado linaniuma.

Kumbukumbu za kila mkutano zilianza kwa sentensi moja: "Mkutano ulifunguliwa kwa maombi." Sentensi hiyo niliiandika nyumbani asubuhi, kabla ya chai, nikaacha nafasi ya kujazia saa. Maombi yakianza nilifunga macho kama wengine, kalamu nimeilaza juu ya daftari.

Mwombaji wetu alikuwa shangazi yangu, dada ya baba, niliyemwita Senje kama kila mtu kwetu anavyomwita shangazi wa upande huo. Alikuwa mjane, mwenye sauti nzito isiyohitaji maikrofoni, na hakuna harusi wala matanga yaliyompita bila kuombwa aombe. Aliishi ng'ambo ya mto, kwenye vilima vinavyoelekea Isecheno, ambako mashamba yanakwisha na msitu unaanza. Alikuwa akimlea mjukuu wake wa kike, mtoto wa gredi ya pili. Shule iko upande wetu. Kati ya nyumba yao na shule palikuwa na magogo mawili ya mkaratusi yaliyolazwa juu ya maji, na hilo ndilo tuliloliita daraja.

Senje alitaka daraja la kweli, lenye vyuma vya kushika pembeni. Mikutano mitatu mfululizo aliinua mkono, na mara tatu mwenyekiti, mzee mpole asiyependa kumuudhi mtu, alimwambia, "Mama, wewe umeshaongea na Mungu, wacha wengine waongee na kaunti." Watu walicheka, naye alicheka nao kidogo, akashusha mkono. Ndivyo ilivyokuwa kwetu: aliyepewa maombi alihesabiwa kuwa ameshapata zamu yake. Wanaume walikuwa hawapewi maombi mara nyingi, na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Mwaka huo, mwezi mmoja hivi kabla ya mvua ndefu, afisa alikuja na habari kwamba wadi yetu ichague kazi mbili tu. Ukumbi ulijaa. Wenye maduka na vijana wa bodaboda walikuwa wamekubaliana tangu nje kwamba wanataka mulika mwizi sokoni, ile taa kubwa ya kwenye mlingoti, na murram, ile changarawe nyekundu, kwenye barabara ya soko. Senje aliitwa mbele. Tulisimama, kofia zikatoka vichwani, na hata yule mzee Mwislamu mwenye duka la misumari alikunjua viganja vyake kama alivyofanya siku zote.

Alianza kama kawaida, akashukuru kwa uzima na kwa wageni. Halafu sauti yake ikashuka.

"Baba, ile miti miwili iko kwa mto, wewe unaionanga. Unaona mahali watoto wanakanyaganga asubuhi, na umande, na viatu yao imeisha. Hawa wazee wameketi hapa hawajafika huko, Baba. Sio ubaya. Ni miguu inawauma. Wapeleke wewe. Kabla waweke taa ya kuangalia wezi, waweke daraja ya kupitisha watoto. Mvua iko karibu. Mimi nikiinua mkono wananiambia nimeshaongea na wewe. Basi naongea na wewe, na wao wako hapa wanasikia. Kama nimedanganya, funga mdomo yangu. Amina."

"Amina!" ukumbi wote ukaitikia, kwa nguvu.

Nilifumbua macho. Nilielewa alichofanya: hakuna mtu anayemkatiza mwenye kuomba. Senje alirudi kwenye benchi yake ametulia, amewapa watu neno lake na watu wameitikia. Kwake yeye lilikuwa limepitishwa.

Mimi nilitazama daftari. Sentensi yangu ilikuwa pale pale, safi, niliyoiandika asubuhi. Nikajazia saa: saa nne na dakika kumi. Kisha nikaandika ajenda ya kwanza.

Hakuna aliyeniamuru. Nimejaribu mara nyingi kumtafuta wa kulaumu nikakosa. Nilijiambia kwamba maombi si hoja na utaratibu ni utaratibu. Lakini ukweli wenyewe ni mdogo na wa aibu zaidi: niliogopa wale wanaume watano waseme mwandishi ameingiza mambo ya shangazi yake kwenye kitabu cha wadi.

Jumatatu iliyofuata Senje alikuja kwangu na kuku chini ya kwapa, jike jekundu lililonona.

"Nimekuletea ingokho," alisema. "Ya asante. Ile daraja uliandika?"

"Niliandika, Senje," nikajibu, na sikupepesa jicho.

Alinibariki akaenda. Kuku yule nilimchinja siku ya pili, tukamla.

Mvua zilishuka mapema. Mto ukapanda hadi kulamba yale magogo, na Senje akawa anamshika mjukuu mkono kila asubuhi, anavuka naye, kisha anarudi peke yake. Watu walimwona wakasema huyu mama ana nguvu. Asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku kucha, gogo moja liligeuka chini ya miguu yao. Alimsukuma mtoto akaangukia ukingoni kwenye majani, na yeye mwenyewe akapiga ubavu kwenye mawe. Mtoto alifika shuleni akiwa na kiatu kimoja, amelowa, akasema, "Kukhu ako kwa mto." Nyanya yake, yaani. Walimu walikimbia wakamkuta ameshikilia mzizi.

Hospitalini mjini walisema nyonga imevunjika, na kwamba kwa umri wake kutembea kama zamani kusahauliwe. Nilikaa kando ya kitanda chake siku nyingi. Nilimlisha uji, nikamsuka nywele. Hakulalamika. Aliniuliza kitu kimoja tu, na alikiuliza kila nilipokwenda.

"Kaunti bado hawajakuja na ile daraja?"

"Bado, Senje."

Nilikuwa nikitoka pale naegemea ukuta wa nje, nalia kama mtoto, kisha najipangusa napanda bodaboda kwenda nyumbani. Kumwambia sikuthubutu.

Baraza lililofuata lilikuja mvua zikiwa zimekatika. Taa ya sokoni ilikuwa imeshasimama. Sikumtarajia Senje, aliyekuwa ameruhusiwa kurudi nyumbani, maana magogo yalikuwa yamechukuliwa na maji na ng'ambo hakupitiki ila kwa kuzunguka mbali. Lakini tulikuwa bado tunapanga viti alipoletwa kwa gari, Probox ya kukodi, akabebwa na wapwa zake wawili juu ya kiti cha plastiki, na kuwekwa mstari wa mbele kabisa, fimbo mapajani. Mwenyekiti alifurahi kumwona.

"Mama, pole sana. Mungu ni mwema. Tufungulie na maombi."

"Leo aombe mwingine," Senje alisema. "Mimi leo nimekuja kuongea."

Mtu mwingine aliomba, maombi mafupi yaliyojikwaa. Kisha ikafika ajenda ambayo haikuwa imenikosesha usingizi, kwa sababu kwa kawaida hakuna anayeisikiliza: kusomwa kwa kumbukumbu za mkutano uliopita. Nilisimama. Nikasoma, "Mkutano ulifunguliwa saa nne na dakika kumi kwa maombi," nikaendelea mbiombio hadi taa, hadi murram, hadi mwisho. Sikuinua uso.

"Nani anathibitisha hii ni ya kweli?" mwenyekiti akauliza. Huwa ni mzee wa misumari anayeinua mkono, ili twende mbele. Safari hii mkono uliotangulia ulikuwa wa Senje.

"Ni ya kweli," alisema. "Mkutano ulifunguliwa na maombi, na mimi ndio niliomba. Sasa mwalimu asome ile niliomba."

Nilimtazama mwenyekiti, naye akatazama kalamu yake.

"Sikuiandika, Senje."

"Uliniambia uliandika."

"Nilikudanganya."

Nilisema hivyo mbele ya wadi nzima, mimi niliyewachapa watoto wa watu kwa sababu ya uongo. Senje hakunikemea. Alinitazama kwa muda, kama mtu anayesoma kibao cha njia, na nilitamani anitukane.

"Lakini unaikumbuka?" akauliza.

Niliikumbuka yote. Miezi ile sikuwa nimefanya kingine ila kuikumbuka. Nikaweka daftari mezani na kuisema tangu mwanzo, ile miti miwili, viatu vilivyokwisha, wazee wenye miguu inayouma. Nilipokuwa nikisema niliona jambo ambalo sitalisahau: kofia moja ilitoka, kisha nyingine, na watu wakaanza kuinamisha vichwa na kufumba macho, kwa mazoea tu. Nikafika mwisho. Nyuma mtu akaanza, "Ami..."

Senje alipiga fimbo sakafuni.

"Msiseme Amina. Amina mlisema siku ile. Fungueni macho. Mwenye anataka daraja ainue mkono."

Mikono ilipanda. Ya akina mama kwanza, kisha ya vijana wa bodaboda waliokuwa wameshapata taa yao, kisha ya wale wanaume watano wa mezani, mmoja mmoja. Afisa wa kaunti akaniambia, kwa upole, "Andika, mwalimu." Nikakaa, nikaandika maneno ya Senje yote kama alivyoyasema, hata lile la mdomo kufungwa. Mistari ilipinda, na nimeiacha hivyo hivyo.

Baada ya mkutano nilimfuata kwenye gari nikashika mlango. Nilitaka kuomba msamaha, akanitangulia.

"Yule kuku," akasema, "alikuwa mtamu?"

"Alikuwa mtamu, Senje."

"Haya." Akanipigapiga mkono, gari likaondoka. Mpaka leo sijui kama huo ulikuwa msamaha.

Daraja lilijengwa mwaka uliofuata, la zege, na vyuma vya kushika pande zote mbili. Senje hakulikanyaga. Alisikia tu habari zake kwa mjukuu, aliyerudi kila jioni akimwambia amepita mara ngapi. Alifariki kabla mvua ndefu hazijaanza tena, na tukaenda kumzika nyumbani kwake, ng'ambo.

Ilinyesha usiku wa kuamkia mazishi. Tulivuka wengi, wenye viti vichwani, wenye sufuria, kwaya ya kanisa, mwenyekiti na fimbo yake, mto ukinguruma chini yetu. Mimi nilikuwa mkiani, nimeshika chuma kwa mkono mmoja na daftari kwa mwingine, maana niliombwa nisome wasifu wake. Nilipofika ng'ambo nilitazama chini. Viatu vyangu vilikuwa vikavu.