Asiyesema Imekubali

Yule fundi wa programu hapa Lodwar hatumi mabadiliko kwenye pampu za maji za Kalobeyei akiwa kitini. Hukalia ekicholong, kigoda cha babu yake, kisha hugonga meza mara tatu kwa vidole vyake virefu, taratibu, kama anayebisha hodi. Sellah, karani mgeni, humcheka moyoni. Leo skrini ilipowaka kijani, Sellah akaropoka, “Imekubali!”

“Nyamaza, dada! Utaitia mkosi.” Fundi akampigia simu mama mmoja aliyekuwa mferejini kule Kalobeyei. “Ejok, mama. Maji imefika?”

“Bado, kijana yangu. Mfereji imekauka tu.”

Akarudi kigodani, akarekebisha mstari mmoja wa programu, akatuma, akapiga simu tena. Simu ilipokuwa ikiita, Sellah alijikuta anagonga meza mara tatu. Kisha wakasikia simuni maji yakilia mtungini.