Mafuta ya Kondoo kwenye Ringi

Baiskeli ile mjomba wangu aliachiwa na mpima ardhi mmoja aliyemaliza kazi yake Same, akapanda garimoshi na asirudi tena. Mjomba hakujua kuiendesha. Aliiegemeza bandani nyuma ya mabua ya mahindi, kuku wakalala juu yake, na alipofariki nikairithi mimi kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Wakati ule wa utawala wa Mwingereza, huku kwetu milimani, watu waliona baiskeli ni kitu cha mabondeni. Kupanda mlima unaisukuma, kushuka unaishikilia isikukimbie.

Kushikilia huko ndiko kulikonipa kazi. Breki zake hazikuwa za waya. Zilikuwa fito nyembamba za chuma zilizoshuka kutoka kwenye usukani hadi magurudumuni. Ukibana mkono, fito huvuta juu kipande cha chuma chenye raba mbili, na raba hizo hubana ringi. Nilizikuta zimepinda, kutu imezila, raba zimekauka kama mifupa. Nilizilowesha katika mafuta ya taa, nikazisugua kwa mchanga na jivu, nikazinyoosha juu ya jiwe kidogo kidogo, kwa maana ukizipiga kwa hasira zinakatika. Raba nilichonga kutoka kwenye tairi bovu la lori. Kila jioni, nikishawafundisha watoto katekisimu, nilikaa uani na kazi hiyo, na namshukuru Mungu kwa jioni zile. Zilinifunza subira kuliko mahubiri mengi niliyosikia baadaye.

Wakati huo nilikuwa nimepeleka posa. Baba wa binti alikuwa mzee wa kanisa letu, mtu wa maneno machache, na kwa muda mrefu hakutupa jibu. Jumapili moja baada ya ibada akasimama mbele ya baiskeli yangu, mikono nyuma.

"Hii inasimama?"

"Inasimama popote, Mzee."

"Popote?"

"Popote utakapotaka."

"Basi kesho utanishusha Same. Kuna mgeni wa kanisa anafika na garimoshi."

Nikaelewa kwamba si mgeni tu aliyekuwa akifuatwa. Jibu la posa yangu lingekaa nyuma yangu kwenye karia, limevaa koti la Jumapili.

Asubuhi yake nilikwenda kuoga, nikaiacha baiskeli uani. Niliporudi niliikuta inang'aa. Nikadhani mama ameifuta umande, nikamshukuru, nikaondoka.

Kwenye miteremko mikali mimi na mzee tulitembea, nikiisukuma. Tulipofika mahali njia inapolala kidogo, juu tu ya ndiva, lile bwawa letu la kukusanyia maji ya mfereji, nikamwambia apande. Siku hiyo ilikuwa ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Baragumu lilikuwa limelia tangu alfajiri, na kijiji kizima kilikuwa ndani ya ndiva kinazoa matope, kila kaya na jembe lake.

Tukaanza kwenda. Upepo ukapita masikioni. Nikabana breki ya mbele, taratibu, kama nilivyozoea. Hakuna kitu. Nikabana ya nyuma. Raba zilishika ringi, nilizisikia zikishika, lakini zilikuwa zinateleza kama kidole kwenye samli. Mzee akanikamata kiunoni. Mbele njia ilikata kona, na upande wa pili wa kona palikuwa na korongo. Nikageuza usukani kuelekea ndiva.

Tulitua matopeni mbele ya watu wote. Kisha mama mmoja, jembe begani, akasema, "Jamani, mwalimu anambatiza mzee mara ya pili!"

"Ule wa kwanza ulikuwa wa maji," akajibu mwingine. "Huu ni wa matope!"

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee alisimama, matope yanamtiririka mikononi, akaitafuta kofia yake. Nilipoinua baiskeli kiganja changu kikagusa ringi, nami nikajua. Harufu ile huwezi kuikosea. Ilikuwa mafuta ya mkia wa kondoo.

Nyumbani kwetu tangu enzi za bibi, jembe jipya, chungu kipya, hata kizingiti cha nyumba mpya kilipakwa mafuta hayo, yakasemwa maneno ili kitu kisimdhuru mwenyewe. Kanisa letu lilikataza. Wazee waliyahesabu kuwa matambiko, na watu walikwisha kuzuiwa meza ya Bwana kwa ajili yake. Na mzee aliyesimama mbele yangu ndiye aliyekuwa akisoma majina yao kanisani.

"Breki zimekuwaje?" akaniuliza.

"Kosa ni langu, Mzee."

"Kosa gani?"

"La breki."

Mzee alinitazama. Akamwomba mtu mmoja ashuke Same kumpokea mgeni, na kwa kuwa nyumba ya karibu ilikuwa ya kwetu, tukapanda kwenda kunawa. Njia nzima niliomba moyoni mama asiwepo.

Alikuwepo. Alipotuona akaweka mikono kichwani.

"Mmeanguka!"

"Tumeteleza kidogo," nikasema upesi.

"Kidogo gani, mwanangu? Na mafuta yote yale!"

Mzee akageuka. "Mafuta gani, mama?"

"Ya kondoo. Nimepaka magurudumu yote mawili, nikapaka vyuma, nikapaka na pale ulipokalia."

"Na nilipokalia?"

"Hasa hapo."

"Ndiyo maana nilikuwa nateleza tangu nilipopanda," akasema mzee, kama anayejisemea. Kisha akauliza, kwa sauti yake ya baraza la wazee, "Ulimwomba nani ulipokuwa ukipaka?"

"Mungu. Nilimwambia, huyu anayepanda leo ni baba wa mtoto tunayemtaka, usimwangushe vibaya."

"Ulisema Mungu?"

"Ningemwomba nani tena, kondoo?"

Mzee alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa na kuanza kunawa mikono. Mama akamwongezea maji ya moto. Mimi nikachukua jivu na kitambaa, nikainamia gurudumu, nikasugua, maana sikuwa na mahali pengine pa kuweka macho yangu. Baadaye mzee alikuja akachuchumaa karibu nami, akalishika gurudumu lisizunguke.

"Ulijua kule matopeni?"

"Nilijua, Mzee."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Ulimwogopea mama yako, au ulimwonea haya?"

Ningeweza kusema nilimwogopea, na nusu yake ingekuwa kweli. Lakini pale ndivani, harufu ile iliponifikia, jambo la kwanza lililopita moyoni mwangu halikuwa meza ya Bwana. Lilikuwa kwamba mzee huyu sasa atajua nimetoka katika nyumba gani. Naye bado alikuwa ameshika gurudumu, ananisubiri.

Mama ndiye aliyetuokoa. "Kwa hiyo nisipake kabisa?" akauliza. "Chuma kikavu kinalia kama paka."

"Kwenye maungio, mama," nikasema bila kuinua kichwa. "Hapa, na hapa, fito zinapokutana. Tone moja. Kwenye ringi hapana."

Akaleta kibuyu chake na unyoya wa kuku. Akachovya, akagusa ungio la kwanza, na huku akigusa akaanza kuomba kwa sauti, kwa Chasu, lugha yetu ya nyumbani, kama alivyoomba asubuhi. Nilimtazama mzee kwa pembeni. Alivua kofia yake yenye matope, akaiweka gotini. Mama alipomaliza, mzee akasema, "Amina."

Halafu akasimama, akamkabili mama.

"Baraza la wazee halina haja na habari za breki," alisema. "Mtumeni mshenga wenu Jumamosi. Ila aje kwa miguu."

Jibu lile alimpa mama, si mimi. Mama alipiga kigelegele, na mimi nikaendelea kusugua ringi ambayo ilikuwa imekwisha takata.